KARIAKOO KATIKA KUMI LA MWISHO: NANI AMETUWAJIBISHA DENI LA IDD?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Swahaba zake na kila anayefuata mwongozo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila mwaka Ramadhani inapoingia kumi lake la mwisho, safu za Tarawehe hupungua misikitini mwetu na safu za watu huongezeka katika Mtaa wa Kongo. Waliojaza msikiti mpaka barazani usiku wa kwanza wa mfungo hawaonekani. Hawakuugua wala hawakusafiri. Wako Kariakoo, wamekamata watoto mikononi na mifuko kwapani, wanasukumana kati ya meza za wamachinga kutafuta viatu, kanzu, madera na mapazia. Mchana wamefunga, usiku wamesimama kwa saa nyingi, lakini kusimama kwao si kule tulikoamrishwa.

Yapo mambo mawili yanayopotea katika mikesha hiyo. La kwanza ni usiku ambao Allah (s.w.) ametufundisha katika Suratul-Qadr kuwa ni bora kuliko miezi elfu moja, yaani miaka 83 na miezi 4, umri ambao wengi wetu hatutaufikia. La pili ni mali ya nyumba. Juu ya hili la kwanza khutba nyingi zimetolewa. Juu ya hili la pili tumenyamaza, na kunyamaza kwetu kumewaponza watu. Makala haya yanakusudia kulisema hilo la pili, kwa sababu tunaamini kwamba mtu asiyepanga matumizi yake ndiye huyo huyo anayeupoteza usiku wake.

MWEZI HAUMVAMII MTU

Utamsikia mtu akisema tarehe 25 ya Ramadhani: "Mwaka huu Idd imenikuta vibaya." Tunamuuliza: imekukuta vipi? Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka kwa hesabu ya kalenda ya ukutani. Kinachosubiriwa kwa mwandamo ni siku moja tu, ya leo au kesho. Mwezi wenyewe unajulikana tangu ule uliopita ulipomalizika. Kodi ya chumba ya miezi sita tunaijua na tunaiandaa. Ada ya shule tunaijua. Idd peke yake, inayokuja kwa miadi kuliko vyote hivyo, ndiyo tunayoifanya kama ajali ya barabarani.

Wapo wanaodhani kwamba kuweka akiba ni udhaifu wa tawakkul. Dhana hiyo haina asili. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mashamba ya Bani Nadhir na kuwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima. Huyo ndiye bwana wa wenye kutawakali. Na katika Suratu Yusuf, aya ya 47 na 48, tunasoma namna Nabii Yusuf (a.s.) alivyowapangia watu wa Misri miaka saba ya kulima na kuhifadhi mazao katika mashuke yake, ili wapate cha kula katika miaka saba ya dhiki. Mtume wa Allah alipanga miaka kumi na minne. Sisi tunashindwa kupanga miezi kumi na moja.

Tufanye hesabu nyepesi. Mtu akiweka shilingi 500 kila siku tangu mwezi mosi Shawwal mpaka mwisho wa Shaaban, siku kama 325, atakuwa na shilingi 162,500. Fedha hiyo inatosha kuwavisha watoto kwa kiasi na kupika siku ya sikukuu bila kumgongea mtu mlango. Shilingi 500 hizo hizo mara nyingi huishia kwenye soda, vocha, na sigara kwa aliyepewa mtihani huo. Hatusemi kwamba kila mtu anazo. Wapo wasiojaaliwa hata hiyo, na hao tutawataja kwa haki yao. Lakini wale wanaojaza Mtaa wa Msimbazi usiku wa 27 wana fedha. Walichokosa ni mpango.

NAMNA SOKO LINAVYOMLA MCHELEWAJI

Kariakoo si soko la mtaa mmoja. Wafanyabiashara wa Zambia, Kongo, Malawi na Komoro hufika hapo kuchukua bidhaa za jumla zilizoshushwa kutoka China, Dubai na Uturuki. Kwa hiyo mwenye duka pale anajua bei, anajua majira, na anamjua mteja wake. Mteja anapokuja mwezi wa Rajab, muuzaji anajua kwamba huyu anaweza kuondoka akarudi kesho au asirudi kabisa. Anapokuja usiku wa 28 ya Ramadhani na watoto watatu wanaolia usingizi, muuzaji anajua kwamba huyu hana kesho. Bei ya siku hiyo hupimwa kwa haraka ya mnunuzi. Shati ni lile lile, na kiatu ni kile kile kilichokuwa kinaning'inia hapo miezi miwili nyuma.

Kisha kuna winga. Huyu husimama njiani, akakushika mkono, akakuita "mama" au "bosi", akakupeleka katika duka lisilo lake na kuongeza chake juu ya bei ya mwenye mali. Udalali wa wazi una hukumu zake katika fiqhi, nao hatuuharamishi. Tunachokisema ni kwamba anayenunua kwa utulivu humwepuka winga, au akampatana kwa kumjua. Anayenunua kwa pupa humlipa bila kujua kwamba amemlipa. Ongeza nauli ya bajaji kwa sababu daladala zimejaa na mwendokasi haupandiki. Ongeza chakula cha daku kilicholiwa njiani. Ongeza simu au pochi iliyokwenda na vibaka katika msongamano. Ongeza nguo isiyomwenea mtoto kwa sababu haikujaribiwa, na hairudishwi, maana asubuhi duka lina watu mia. Mtu aliyeondoka nyumbani kwa nia ya kutumia kiasi fulani anarudi ametumia mara moja na nusu yake, na hajui zilivyokwenda.

Mwishoni mwa Februari 2025, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani ya mwaka 1446, ulizinduliwa rasmi mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo. Biashara ya halali ni halali usiku na mchana, na sisi hatuna ugomvi na taa za soko. Lakini taa hizo zimemwondolea mchelewaji udhuru wake mmoja na kumwongezea mtihani mmoja. Zamani duka likifungwa alirudi nyumbani, pengine akapitia msikitini. Sasa hakuna kinachomrudisha isipokuwa dini yake na akili yake.

Na tukumbuke jina lenyewe. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu. Hao walilazimishwa. Sisi tunakwenda pale pale kwa miguu yetu kujitwisha mizigo ambayo si Allah wala Mtume wake aliyetutwisha.

DENI, NA LILE BAYA KULIKO DENI

Lau hasara ingeishia kwenye bei, tungesema ni uzembe tu. Lakini fedha inapokwisha usiku wa 28 na orodha ya mke, watoto, mama mkwe na wifi bado haijakwisha, mkono huenda kwenye simu.

Huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008 watu walitumiana fedha, na hilo ni jambo la kheri. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, na baada yake huduma nyingine za mitandao mbalimbali, ambazo humkopesha mtu palepale alipo, hata akiwa mbele ya meza ya viatu. Baada ya hizo zikaja programu za mikopo za kila aina. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Malalamiko ya watu juu ya mikopo ya namna hiyo yanajulikana: mdaiwa akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha hutumwa kwa ndugu, marafiki na mabosi waliomo katika simu yake. Na mitaani kwetu kuna ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloieleza: kausha damu.

Hata ule mkopo wenye leseni, Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ni sawa na asilimia 42 kwa mwaka. Serikali imeweka kikomo hicho kumpunguzia mwananchi maumivu, na nia hiyo ni njema. Lakini kwa Muislamu kikomo cha riba kiliwekwa katika Suratul-Baqara, aya ya 275 mpaka 279, nacho ni sifuri. Tena aya hizo zimetaja vita kutoka kwa Allah na Mtume wake dhidi ya asiyeacha, tishio ambalo hatulioni kwa maasi mengi mengine. Na katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mlaji wa riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema kuwa wote hao ni sawa.

Watatuambia: "Hiyo si riba, ni ada ya huduma." Jina likibadilika, hukumu haibadiliki. Ada ya huduma ni malipo ya kazi iliyofanyika. Ikiwa malipo hayo yanapanda kwa wingi wa fedha uliyokopa na kwa wingi wa siku ulizochelewa, basi kinachouzwa hapo ni fedha kwa fedha na muda juu yake. Hiyo ndiyo iliyoharamishwa.

Sasa tafakarini, ndugu zetu. Mtu amefunga siku 29 akajizuia na halali yake, maji na chakula, kwa ajili ya Allah. Usiku wa 29, ili asherehekee kukamilika kwa ibada hiyo, akaingia katika haramu iliyotangaziwa vita. Asubuhi anatoka na kanzu mpya, anapiga takbira, na deni la riba liko mfukoni mwake linahesabu siku.

Hata deni lisilo na riba si jambo la kuchezea. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah katika Swala yake kutokana na deni. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nalo sana, alieleza kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Nani kati yetu hajayaona hayo wiki ya pili ya Shawwal? Simu haipokelewi. Mtoto anafundishwa kumwambia mwenye duka kwamba baba hayupo, na baba yumo ndani. Nguo ile ya Idd imemfundisha mtoto uongo.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Husema: "Idd ni mara moja kwa mwaka, na kuonesha furaha ni katika dini." Hili la pili ni kweli, nasi hatuko pamoja na wanaofanya Idd kuwa siku ya kununa. Mtume (s.a.w.) aliwaacha wasichana wawili waimbe nyumbani kwake siku ya Idd, na akabainisha kwamba kila watu wana Idd yao na hii ndiyo yetu. Kujipamba kwa ajili ya Idd kulijulikana pia. Umar (r.a.) alimletea Mtume (s.a.w.) joho la hariri lililokuwa likiuzwa sokoni, akamwomba alinunue ajipambe nalo kwa Idd na kwa kupokea wajumbe. Mtume (s.a.w.) alilikataa kwa sababu ya hariri, na hakumkemea kwa wazo la kujipamba. Kwa hiyo pambo lina asili. Lakini ni wapi ilipokuja kwamba pambo lazima liwe jipya, liwe la sare kwa ukoo mzima, na lipatikane hata kwa kukopa? Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akivaa katika Idd mbili nguo zake nzuri kuliko zote. Nguo zake, alizokuwa nazo.

Na kuna Hadithi moja inayotosha kuufunga mjadala huu. Ummu Atiyya (r.a.) anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba wanawake waliamrishwa kutoka kwenda kuhudhuria Idd. Mmoja akauliza: na ikiwa mmoja wetu hana jilbabi? Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ndugu yake amvishe katika jilbabi lake. Angalieni hali ilivyo. Mwanamke hana vazi kabisa, na Idd imefika. Hiyo ndiyo saa ya mwisho ya kweli. Hakuambiwa akope. Hakuambiwa abaki nyumbani kwa aibu. Aliambiwa aazimwe vazi na mwenzake. Suluhisho la uhaba wa dakika ya mwisho katika Sunna ni udugu. Sisi tumeugeuza uhaba huo kuwa mashindano.

Husema tena: "Mimi nimo katika darura." Ndugu yetu, darura ni jina zito. Wanachuoni wameliweka kwa anayeogopa kuangamia nafsi yake au kiungo chake, mfano wa mwenye njaa asiyekuta ila mzoga. Kukosa mapazia mapya hakumuui mtu. Mtoto akivaa kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa na kupigwa pasi haangamii.

Husema pia: "Wake zetu ndio wanaotusukuma." Maneno haya tumeyasikia mpaka kwenye mimbari, na hatuyakubali. Suratut-Talaq, aya ya 7, imemwelekea mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa. Aya inamzungumzia mwenye kutoa. Mume asiyemwambia mkewe pato lake, asiyekaa naye mwezi wa Rajab wakaandika pamoja kitakachonunuliwa, kisha akamtupia fedha usiku wa 26 na kumwambia ajue mwenyewe, huyo ndiye aliyeisukuma nyumba Kariakoo. Wanawake wetu wengi ndio wenye vibubu na ndio wanaocheza upatu. Lau wangesikilizwa, nyumba nyingi zingenusurika.

NENO KWA WENYE MADUKA

Hatuwezi kumaliza bila kuwasemesha ndugu zetu wenye maduka, wengi wao wakiwa Waislamu, wanaofunga na sisi na kuswali katika misikiti ya Mtoro, Idrisa na mingineyo ya eneo hilo. Biashara ni kazi tukufu. Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) alipohajiri Madina akiwa hana kitu, na ndugu yake Mwanswari akamtolea nusu ya mali yake, alimwombea baraka na akaomba aoneshwe soko lilipo. Faida hatuwakatazi. Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei alikataa, akabainisha kwamba Allah ndiye anayepanga bei, naye anatarajia kukutana na Mola wake bila ya yeyote kumdai dhuluma.

Lakini Mtume huyo huyo amesema, katika Hadithi ya Ma'mar (r.a.) iliyomo katika Muslim, kwamba hahodhi ila mkosaji. Anayeficha mchele, sukari na mafuta mwezi wa Shaaban ili avitoe Ramadhani watu wakiwa wamebanwa, hoja ya soko huria haitamsaidia. Anayemwambia mteja "hii ndiyo ya mwisho" na stoo imejaa, ameuza na ameondoa baraka. Na amwogope Allah yule anayemwacha kijana wake wa dukani bila nafasi ya kuswali Isha katika usiku huo mtukufu, kwa sababu wateja ni wengi.

Suratul-Jumua, aya ya 11, inawahusu watu walioona biashara wakaikimbilia wakamwacha Mtume (s.a.w.) amesimama. Jabir (r.a.) anasema waliobaki walikuwa kumi na wawili. Tunajua kwamba khutba ya Ijumaa ni faradhi na Tarawehe ni Sunna, wala hatuchanganyi hukumu. Lakini moyo unaotoka msikitini kwa sababu ya mzigo ulioingia sokoni tunauona, nao unatutisha.

NENO KWA MAIMAMU NA KAMATI ZA MISIKITI

Na sisi tunaosomesha na kuongoza tuna sehemu yetu. Khutba ya Zakatul-Fitri husikika Ijumaa ya mwisho, wakati fedha za watu zimekwisha kwenda. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) ameifaradhisha pishi ya tende au shayiri kwa kila Muislamu, mdogo na mkubwa, mume na mke, na akaamrisha itolewe kabla ya watu kutoka kwenda kwenye Swala. Swahaba walikuwa wakiitoa siku moja au mbili kabla ya Idd, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, yanaruhusu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Inapokusanywa usiku wa mwandamo na kugawiwa kwa mbio asubuhi, fukara anapokea mchele wakati wenzake wameshapika. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba zaka hii ni twahara kwa mfungaji na chakula kwa maskini. Kamati ikichelewa, imeirudisha nyuma haki ya mtu ambaye hana Kariakoo ya kukimbilia.

Nyumba ya watu sita inahitaji kama kilo 15 mpaka 18 za mchele kwa zaka hii. Inunuliwe sokoni Tandale au popote penye bei ya kawaida mapema katika mwezi, iwekwe pembeni, na isiguswe. Kitu cha kwanza katika bajeti ya Idd kiwe hiki, kabla ya uzi wa kwanza wa nguo.

ALIYEBAKIWA NA SIKU CHACHE AFANYEJE?

Huenda makala haya yanamfikia mtu kumi la mwisho limeshaingia na hakuweka hata senti. Kwake tunasema: bado kuna nafasi ya kuokoa, nayo ni hii.

Kwanza, tenga Zakatul-Fitri na fedha ya kodi, ada na deni la zamani. Kilichobaki ndicho cha Idd, kiwe kingi au kidogo. Usianze na matamanio ukaishia kwenye mfuko. Anza na mfuko.

Pili, fungua masanduku nyumbani. Toa kila nguo ya kila mtoto, iliyombana mkubwa imfae mdogo, iliyochanika ipelekwe kwa fundi cherehani wa mtaani. Utakachokikosa baada ya hapo ndicho cha kununua. Kiandike. Usinunue kisichoandikwa.

Tatu, nenda mtu mmoja, mchana, mapema asubuhi, na vipimo mkononi. Waache watoto nyumbani. Chukua fedha taslimu ya kiasi kile tu, na mkopo wa simu usiwe katika hesabu. Mitumba ya Mchikichini si aibu kwa mwenye kufua na kunyoosha.

Nne, unganeni majirani watatu au wanne mnunue mchele, nazi na nyama kwa pamoja na kugawana. Nyama iliyotoka Vingunguti asubuhi kwa mkono wa mtu mmoja aliyetumwa na nyumba nne ni nafuu kuliko safari nne za watu wenye pupa.

Tano, waambie watoto ukweli. Mtoto aliyefundishwa funga anaweza kufundishwa subira. Mwambieni: mwaka huu tumevaa hivi, na Idd yetu ni kamili.

Nayo ni kamili kweli. Kuoga, kuvaa kilicho bora katika ulichonacho, kula tende kwa idadi ya witiri kabla ya kutoka, kupiga takbira njiani, kwenda njia moja na kurudi nyingine, kuswali pamoja na Waislamu, kusikiliza khutba, kuunga udugu. Hizi ndizo Sunna za Idd zilizothibiti. Zihesabuni bei yake. Ghali kuliko zote ni tende tatu.

TUANZE SHAWWAL

Dawa ya mwakani haianzi Ramadhani ijayo. Inaanza wiki ya kwanza baada ya Idd. Kila nyumba iwe na kibubu kisichofunguliwa mpaka Shaaban. Kila darasa la akina mama msikitini na kila kundi la vijana waanzishe upatu wa Idd, ambao kila mmoja hupokea kile kile alichochangia bila nyongeza wala faini inayogeuka riba. Nguo za watoto zinunuliwe Rajab, kwa kukadiria ukuaji wao. Mwenye kutaka kuweka fedha benki asiseme hana pa kwenda, kwani tangu mwaka 2011, ilipoanza Amana Bank hapa Dar es Salaam, udhuru huo umepungua nguvu. Na wenye uwezo wawe na fungu la kuwavisha mayatima na wajane kabla ya kumi la mwisho, kimyakimya, ili yule asiye na jilbabi asilazimike kuuliza mbele za watu.

Wanachuoni wametofautisha kati ya israfu, ambayo ni kuvuka mpaka katika jambo la halali, na tabdhiri, ambayo ni kuitoa mali mahali pasipo haki. Suratul-Israa, aya ya 27, imewaita wenye tabdhiri kuwa ni ndugu wa mashetani. Na Suratul-Furqan, aya ya 67, imewasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wanapotoa hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, wakawa katikati ya hayo. Hatuwaiti watu kwenye ubakhili. Tunawaita hapo katikati.

Mashetani hufungwa Ramadhani, kama ilivyopokewa katika Hadithi sahihi. Basi na tusiwe sisi tunaokwenda kuutafuta udugu wao sokoni.

Tunamwomba Allah (s.w.) atukubalie funga zetu, atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, awalipie wenye madeni madeni yao, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na mpango na afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.